Mama Ndoo na Handaki Lililokauka

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mama Ndoo atapanda kwa mara ya mwisho ngazi mia moja na kumi na mbili zinazotoka ndani ya ukuta wa bwawa letu. Atakabidhi kofia ngumu, tochi na buti, atatia saini, na atakuwa mstaafu. Atakuwa amekitumikia kituo hiki cha umeme miaka thelathini na mitano na miezi minne. Katika muda huo wamepita wakuu wa kituo saba, mitambo yote mitatu imefumuliwa na kufungwa upya mara mbili, na paka wa chumba cha udhibiti amebadilishwa mara tisa. Yeye kilichobadilika ni miwani tu.

Katibu muhtasi aliyeniomba wasifu huu kwa ajili ya jarida letu alisema anataka ukurasa mmoja, mfupi na mtamu. Anisamehe. Mimi ni mhandisi wa bwawa, nimefanya kazi na Mama Ndoo miaka kumi na tisa, na kati ya hiyo kumi na mmoja nimekaa na jambo ambalo halikai katika ukurasa mmoja. Tena mwezi Machi ilitufikia barua ya makao makuu ikisema kwamba akishastaafu, nafasi yake isijazwe, kwa sababu vifaa vipya vya kielektroniki vitaifanya kazi hiyo. Kwa hiyo hapa nina kazi mbili: kumuaga mwenzetu, na kueleza nilivyoijibu barua ile. Nayo ya pili haitaeleweka mpaka nijivue nguo mbele yenu nyote, wapishi na walinzi mkiwemo.

Nianze na mazuri. Mama Ndoo aliajiriwa hapa kama mfagiaji. Kazi yake ilikuwa kusafisha handaki, yaani ile njia nyembamba inayopita ndani ya ukuta wa bwawa, chini kabisa, ambako jua halijawahi kuingia na viatu vya kitambaa havimalizi wiki. Humo kuna matundu sitini na manne yaliyotobolewa kushuka hadi kwenye mwamba. Maji yanayojipenyeza chini ya bwawa hutokea kwenye matundu hayo, yakatiririka mferejini, yakavutwa na pampu na kutupwa mtoni. Wageni wakiyaona hushika vichwa wakidhani bwawa linavuja. Linavuja, ndiyo. Limejengwa livuje hapo, kwa kipimo, ili maji yasijikusanye chini ya ukuta na kuusukuma juu.

Kwa hiyo kila asubuhi lazima mtu ashuke, akinge ndoo chini ya kibomba cha kila tundu, na ahesabu ni sekunde ngapi mpaka maji yafike kwenye mstari wa lita kumi. Wakati huo mtu huyo alikuwa fundi vipimo mmoja mkali mwenye kikohozi. Akaumwa, akalazwa wiki mbili, na wakubwa wakasahau kabisa kwamba kuna vipimo. Aliyekumbuka ni mfagiaji. Alichukua ndoo yake ya kupigia deki, akaazima saa ya mkononi ya mume wake, akapima matundu yote sitini na manne kila siku, akaandika majibu nyuma ya karatasi za mifuko ya saruji. Fundi aliporudi alizisoma karatasi zile zote bila kukohoa hata mara moja, jambo ambalo Mama Ndoo analitaja mpaka leo kama sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Mwezi uliofuata alikuwa msaidizi wake. Mwaka uliofuata alipelekwa kozi ya miezi sita, akafaulu, na fundi alipostaafu akakabidhiwa handaki.

Jina la Mama Ndoo alipewa na watu wa pampu kwa utani, na likamganda kiasi kwamba hata hati ya mshahara iliwahi kutoka nalo. Hakununa. Yeye mwenyewe ni bingwa wa kubandika watu majina, na hata matundu ameyabatiza. Tundu la kumi na saba ni Mlevi, kwa sababu leo linabubujika na kesho limelala. La arobaini ni Shemeji, halijawahi kumwangusha. La hamsini na mbili, ambalo ndoo haina kazi nalo kwa sababu hutoa matone mawili tu kwa dakika, analiita Mhasibu. Mhasibu wetu aliposikia alikaa siku tatu bila kumsalimia, kisha akaomba ashuke akalione mwenyewe, akakubali kwamba wanafanana.

Akiwa anahesabu sekunde, Mama Ndoo haongei na mtu, awe nani. Siku tuliyotembelewa na mgeni rasmi na msafara wake, mgeni alimkuta ameinama kwenye Shemeji na akamsalimia kwa uchangamfu wote wa kiserikali. Mama Ndoo akainua kiganja kama askari wa barabarani. Msafara mzima ukasimama, wapiga picha wakabana pumzi, na mkuu wetu wa kituo akatoka jasho la shingo. Sekunde thelathini na nane. Kisha akasimama, akafuta mikono, akasema shikamoo kwa adabu zote na kuomba radhi. Mgeni alicheka mpaka akaegemea ukuta, na koti lake likaharibika.

Nyumbani nako hali ni hiyo hiyo. Mume wake ni fundi cherehani, na ndiye aliyemshonea ile mifuko miwili ya kifuani, mmoja wa saa na mmoja wa penseli, ambayo sisi wengine tuliiiga baadaye. Anasema katika miaka yote ya ndoa hajawahi kuoga kwa uvivu, maana mlangoni kuna mtu anayejua ndoo ile ilipaswa kuisha saa ngapi. Binti yao mkubwa ni muuguzi. Mwaka aliolazwa mama yake kwa malaria, mgonjwa alilala na homa yake akihesabu matone ya dripu, akamwita nesi wa zamu na kumwambia dripu inakwenda polepole kuliko walivyoandika kwenye fomu. Binti anasema alitamani ardhi ipasuke. Dripu ikakaguliwa, na kweli ilikuwa imebanwa na chuma cha kitanda.

Ziwa letu, kama mjuavyo, si la umeme peke yake. Mama Ndoo hulisema vizuri kuliko sisi wenye vyeti: ziwa ni moja, lakini lina wake wenza wanne, na kila mmoja anadai zamu. Mitambo inataka ziwa lijae ili maji yashuke kwa nguvu. Wakulima wa bondeni wanataka mfereji ufunguliwe. Mji unataka matangi yake yajae kwanza. Wavuvi wanataka maji yatulie, yasipande wala kushuka, samaki wazae. Wawakilishi wao hukutana nasi kila mwezi kwenye kikao cha watumiaji maji, na Mama Ndoo kwa miaka mingi alikuwa akisoma humo takwimu za wiki, kisha anakaa kimya na kusikiliza wanavyonyoosheana vidole.

Sasa nifike penyewe.

Miaka kumi na minne iliyopita mvua zilianza kutukimbia, na zikaendelea kutukimbia misimu mitatu mfululizo. Ziwa lilishuka mpaka visiki vya miti iliyozama tangu bwawa lilipojazwa vikaanza kuchungulia. Mtambo mmoja tu ndio uliokuwa ukizunguka, tena kwa saa chache. Mji ulipata maji siku mbili kwa wiki. Wakulima hawakupanda chochote mwaka mzima, na kwenye kikao watu walikuwa wanaongea kwa sauti za chini, jambo ambalo linatisha kuliko makelele.

Mimi nikaona hapo ndipo pa kufanya jambo la maana. Kwa kuwa maji yalikuwa chini, niliwashusha mafundi kwa kamba upande wa ziwani, wakaziba nyufa na maungio ya katikati ya ukuta kwa lipu maalumu. Kazi nzuri, sina haya kuisema. Msimu uliofuata mvua zilirudi kwa heshima, ziwa likaanza kupanda, na maji ya handakini yakaanza kupungua. Yakapungua wiki hadi wiki. Kufikia mwezi wa tano yalikuwa yamepungua kwa asilimia sabini, nami nikawa nimevimba kichwa. Niliandika taarifa. Tukapewa cheti chenye fremu cha Kitengo Bora cha Mwaka.

Tukafanya sherehe handakini kwenyewe. Keki ililetwa, na soda kwa kreti. Mkuu wa kituo wa wakati ule alishuka na viatu vya ngozi makusudi, akatembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akatoka navyo vikavu na kuviinua juu tuvione. Tulipiga makofi. Mama Ndoo hakupiga, na soda yake hakuifungua. Alikuwa akipita tundu kwa tundu, anaingiza kidole na kukinusa. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mama wa watu ana haki ya kununa, maji yakikauka ndoo yake itakula wapi. Watu wakavunjika mbavu. Mtu huyo alikuwa mimi.

Kesho yake aliingia ofisini kwangu na madaftari matatu chini ya kwapa. Hakuugusia mzaha wangu. Alinionyesha kwamba matundu yalianza kukauka mwaka mmoja kabla sijaziba ufa hata mmoja. Lilianza tundu la kwanza, likafuata la pili, kisha la nne, yote ya pembeni kushoto, mbali kabisa na lipu yangu ya katikati. Akanionyesha ukucha wake, una unga mweupe. Maji yakipita kwenye zege hubeba chokaa, na chokaa ile ilikuwa inaganda midomoni mwa matundu kidogo kidogo, kama inavyoganda ndani ya birika. Maji hayakuwa yameacha kuja. Yalikuwa yamezibiwa pa kutokea, yako chini yetu, yanausukuma ukuta juu, na ziwa lilikuwa bado linapanda.

Nilimwambia geji za presha, zile za kupima msukumo wa maji chini ya ukuta, hazionyeshi hivyo. Akanijibu kwa upole kwamba geji zile hazionyeshi kitu, mishale yake imesimama pale pale tangu mwaka juzi, na kwamba aliandika maombi mara mbili ziletwe mpya. Nikamuuliza maombi hayo yako wapi. Akaangalia trei ya karatasi iliyokuwa mezani kwangu, halafu akaangalia pembeni kwa heshima.

Mtu mwenye akili angeona aibu. Mimi nilipandwa na hasira. Nilimwambia vipimo ni vyake lakini tafsiri ni yangu, na nikamtakia siku njema. Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi kuliko ninavyokumbuka siku ya harusi yangu, na mke wangu analijua hilo.

Ziwa lilikuwa limebakiza mita mbili kujaa, nalo lilipanda sentimita kumi na mbili kila siku. Mama Ndoo alipiga hesabu akapata siku kumi na saba. Akapanda kwa mkuu wa kituo akaomba kwa maandishi ziwa lisijazwe, lishushwe kwanza mpaka matundu yazibuliwe. Fikirieni ombi hilo mbele ya watu waliokaa na ndoo tupu miaka mitatu. Mkuu alimwambia aweke saini, na kwamba ikionekana ametutia hasara bure, atamwaga unga. Akaweka saini. Aliniletea na mimi karatasi ile niidhinishe. Sikuidhinisha. Siku mbili baadaye alisimama kwenye kikao cha watumiaji maji akaeleza, na mwenyekiti wa wakulima akamuuliza, kwa ukarimu wa mtu anayezungumza na mgonjwa, tangu lini kuvuja kukawa ndiyo afya. Walicheka wote wanne, mitambo, mashamba, mji na wavuvi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kukubaliana jambo.

Mtu mwingine angejiondokea. Yeye alikwenda duka la vifaa vya ujenzi akanunua mpira mrefu wa maji, ule mwangavu unaoonekana ndani. Alimwomba opereta wa pampu amsaidie kung'oa geji moja iliyokufa upande wa kushoto, wakafunga mpira kwenye bomba lake, wakaupandisha sambamba na ngazi za ndani ya ukuta. Waliufunga kwenye reli ya kushikilia kwa vipande vya kitambaa alivyotoa kwenye mabaki ya mume wake, vya rangi zote, kila baada ya ngazi tano. Halafu akanitumia ujumbe nishuke.

Nilishuka nikiwa nimekunja uso. Kanuni ya kitu kile hata mtoto wa shule anaijua: ukifungua bomba, maji yatapanda ndani ya mpira mpaka yafike kimo kinacholingana na nguvu inayoyasukuma kutoka chini. Michoro ya wajenzi inasema, hata ziwa likijaa pomoni, yasipite mita nne, yaani ngazi ya ishirini. Mama Ndoo hakunihutubia. Alinipa chaki.

"Mhandisi, weka alama mwenyewe."

Niliweka alama ngazi ya ishirini. Opereta akafungua koki. Maji yakapanda ndani ya mpira, nami nikipanda nayo pembeni. Yakaipita alama yangu bila hata kusita. Yakapita ngazi ya thelathini. Yakapita ya arobaini. Yalipunguza mwendo, yakatulia ngazi ya arobaini na sita. Mama Ndoo anashikilia ilikuwa arobaini na saba, na kwamba sikuiona kwa sababu niliikalia. Kukaa nilikaa, nakiri. Zaidi ya mita tisa, na ziwa lenyewe lilikuwa halijajaa.

Jioni hiyo hiyo karatasi ilikuwa na saini yangu. Mitambo yote mitatu ikawashwa kwa nguvu zote, mfereji wa wakulima ukafunguliwa wote, matangi ya mji yakajazwa hadi mfuniko. Bado haikutosha, na baada ya kuwatahadharisha watu wa bondeni tulifungua milango ya bwawa siku tisa mfululizo. Redioni walituita wezi wa maji. Mwenyekiti wa wakulima alikuja na ujumbe wa watu sita kutaka maelezo. Mama Ndoo akawashusha handakini, akawaonyesha mpira na vile vitambaa, na walipopanda juu mwenyekiti akaomba aazimwe kiti.

Wachimba visima walikuja na mashine ndogo inayoingia handakini. Tundu la kwanza lilipozibuliwa lilitema uji mweupe wa chokaa, likakohoa, kisha likamwaga maji safi yakamlowesha mchimbaji kutoka kofia hadi soksi. Ndipo tulipomsikia Mama Ndoo akicheka, kicheko cha sauti nzima kilichozunguka handaki lote. Akasogeza ndoo. Sekunde nne. Watu wazima tulikuwa tunashangilia ukuta unaovuja. Wiki ya nne maji ya mpirani yalikuwa yameshuka hadi ngazi ya kumi na nane, na mvua za pili zilipokuja ziwa likajaa mpaka mdomoni. Wakulima walipanda, mji ukaoga kila siku, mitambo ikanguruma yote mitatu, na wavuvi wakalalamika kama kawaida.

Hapa ndipo ningependa wasifu uishie. Lakini makao makuu waliomba taarifa ya tukio, nami ndiye niliyeiandika. Niliandika kwamba ukaguzi wa kihandisi ulibaini kuziba kwa matundu. Mpira niliuita kipimo mbadala cha presha. Mama Ndoo sikumwandika popote, wala maombi yake mawili yaliyolala kwenye trei yangu. Sikusema uongo hata sentensi moja, na taarifa nzima ilikuwa uongo. Miezi sita baadaye nikapandishwa cheo kuwa mkuu wa kitengo, cheo nilichonacho mpaka leo.

Nakala nilimpelekea aisome. Sijui nilitaka nini, labda anigombeze yaishe. Aliisoma yote, taratibu, akanirudishia.

"Matundu yako wazi?"

Nikamwambia yako wazi. Akachukua ndoo yake akaenda zake, na mimi nikajiambia amesamehe. Nilijiambia hivyo kwa miaka kumi na mmoja, kwa raha zangu, huku tukinywa chai pamoja.

Sasa ile barua ya mwezi Machi. Inasema nafasi ya mpimaji wa handaki ifutwe, na inatoa sababu. Sababu yenyewe, wapendwa, ni taarifa yangu. Wameinukuu kwa ukurasa na aya: tukio la mwaka ule limethibitisha kwamba wahandisi wakiwa na vifaa vyao wanatosha kubaini hatari bila kutegemea vipimo vya mikono. Niliisoma barua ile nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Chokaa haijaacha kuganda. Baada ya miaka kumi au ishirini matundu yale yataanza tena kunyamaza moja moja, vile vifaa vipya kumi na viwili, ambavyo ni vizuri na nimevipokea kwa furaha, huenda vitakuwa vimezeeka, na mhandisi fulani atafungua faili atafute wenzake walifanya nini. Atakuta humo mimi nikijisifu. Mtu wa ndoo hatamkuta, kwa sababu nilimfuta.

Nikapiga moyo konde. Niliandika masahihisho ya taarifa ile, kurasa kumi na mbili, nikaeleza kila kitu: sherehe, keki, mzaha wangu, trei, chaki, na ngazi niliyoikalia. Niliambatisha nakala za madaftari yake na yale maombi mawili, ambayo nilikuwa nimeyahifadhi muda wote bila kujiuliza kwa nini. Niliomba jambo moja, nafasi ibaki. Nikaongeza kwamba wakiona nastahili adhabu niko tayari. Barua ikaenda, nami nikaanza kuruka kila simu ilipolia.

Majibu yalifika wiki iliyopita. Masahihisho yamepokelewa, na taarifa ya zamani itasomwa pamoja nayo daima. Mimi nimepewa onyo la maandishi, nalo limeniingia vizuri. Nafasi inabaki. Ataichukua yule opereta wa pampu aliyeshika koki siku ile, ambaye tangu mwezi Aprili amekuwa akishuka na Mama Ndoo kila asubuhi bila kuambiwa na mtu kama kutakuwa na kazi mwishoni. Tayari ameanza kuinua kiganja watu wakimsemesha.

Jumanne nilishuka na barua zote, yangu na ya makao makuu, nikampa Mama Ndoo palepale kwenye Shemeji. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisoma kurasa zote kumi na mbili akiwa amesimama, na mimi nilisimama mbele yake nikisikiliza maji. Alipomaliza alizikunja vizuri, akazitia kwenye mfuko wa kifuani, ule wa saa.

"Miaka kumi na mmoja nimekusubiri," alisema. "Nilishaanza kuogopa nitaondoka kabla hujaja."

Nilipanda ngazi nikitafuta jibu. Nimelitafuta tangu Jumanne, na kilichopatikana ndicho hiki mnachokisoma, kwa hiyo katibu muhtasi asikate hata mstari.

Mama Ndoo, kwa niaba ya kituo chote, na ya watu wa bondeni wanaolala usingizi bila kujua ni nani aliyewalaza, asante. Mungu akupe afya, akupe muda wa kukaa na mumeo na wanao na wajukuu, na asubuhi nyingi za kuamka ukiwa huna cha kuhesabu. Na mimi kwa niaba yangu mwenyewe, mbele ya wenzetu wote: ulikuwa sahihi, nilijua, na samahani kwa kukuweka ukingoja miaka yote hii.